Mita Kumi

Tunaingia umande haujakauka.
Wageni wanne, mimi, na panga lisilokata kitu:
hapa mtambaazi ukikuzuia unauinamia,
unapita kama anayepita mbele ya mkwe.

Nkungwe leo kajifunika. Ukungu umemshika mabegani,
kule juu kwenye mianzi ambako sisi Watongwe
hatuonyeshi kwa kidole.
Mgeni mmoja akaonyesha. Nikanyamaza.
Hajui, na mlima una subira kuliko mimi.

Nasoma njia. Tonge la nyuzi, tunda limefyonzwa,
mate hayajakauka. Kinyesi chenye mbegu za mabungo.
Juu, mbega wekundu wanahama mti kwa mti
kwa haraka ya wenye madeni.
Nyuma yetu, chini, ziwa linapiga mawe,
linaacha, linapiga tena.

Kisha mlio. Unaanza kama mtu apulizaye kuni mbichi,
hu, hu, hu, unapanda, unapasuka,
na mwingine ng'ambo ya bonde anajibu kwa mateke
juu ya shina lenye mbavu, du-dum, du-dum.
Barakoa, nasema. Mita kumi.
Mafua yetu ni msiba wao.

Wako saba. Wako pale nilipojua watakuwa
mwezi huu, na sikuwaambia wageni nilijuaje.

Mawe matatu yamezama kwenye majani makavu.
Kigae cha chungu. Mchikichi mrefu kupita kiasi,
haujapandwa na mtu kukatwa mkungu
tangu mama aliposhushwa ufukweni mgongoni mwa mjomba,
na bibi yangu, Zena binti Kabemba, nyuma yao
na kuku wawili na jiwe la kusagia.
Jiwe likamshinda. Akaliacha njiani, hapa hapa.
Kila msimu nalitafuta, kwa macho tu,
maana miguu yangu imeajiriwa.

Najua: tungebaki, mti huu ungekuwa mkaa,
na yule mbega mchuzi.
Najua pia uzito wa jiwe.

Na mlimau wake.

Kipara, dume mzee, kakaa katikati ya matawi
kama mwenye nyumba asiyetarajia mgeni.
Anachuma, anang'ata ganda, anakunja uso,
kunja ileile ya mama yangu,
anaendelea kula. Anakula sita.
La saba linamponyoka, linabingirika,
linasimama mbele ya kiatu changu.

Mgeni ananong'ona ndani ya barakoa:
malimau yalifikaje msituni?
Ndege, nikasema.
Akatoa kidaftari, akaandika: ndege.
Masikio yangu yakawaka moto.

Sheria: usitoe kitu, usiache kitu.
Sikuokota. Nilijifanya nafunga kamba za kiatu,
nikaligusa kwa kidole kimoja,
ganda lenye vipele, lenye joto bado
la kiganja ambacho si changu.
Kipara akanitazama. Akajikuna kwapa.
Akateremka, akaenda zake na jamaa zake,
mtoto wa mwisho kaning'inia tumboni kwa mamaye,
akitutazama kichwa chini, miguu juu.

Jioni, Katumbi, mama anaanua dagaa.
Hanipi pole ya kazi.
"Mlimau umezaa?"
"Umezaa."
"Nani kala?"
"Kipara."
Anachambua mchanga, anamtupia paka kichwa.
"Kabakiza?"
"Moja."

Akanyamaza kitambo. Mitumbwi ya karabai ilikuwa inatoka,
taa moja, taa nne, halafu sikuhesabu tena.
Akaushika mkono wangu kwa vidole vya magamba,
akausogeza puani.
"Siyo hiki," akasema.
Nikampa kingine.